Makosa ya Mwalimu wa Hisabati

Ukitaka kumwudhi mwalimu wetu wa hisabati, usihangaike kumtukana. Matusi alishayazoea, maana miaka yake karibu yote ya kazi aliimalizia kwa watoto wa Levolosi, hapa Arusha mjini. Mwambie tu kwamba kipindi chake kimependeza, kimekuwa kama mchezo. Hapo atavua miwani, atakukagua kuanzia viatu kwenda juu, kisha atasema taratibu, "Mchezo uko nje, Mwalimu. Humu ndani tunagawanya."

Mimi nilimwambia maneno hayo mwezi wangu wa kwanza pale shuleni, tena kwa nia njema kabisa, naye akaacha kunikaribisha chai yake mpaka tulipofunga shule. Meza zetu zilikuwa zimebanana ofisini, yangu ya Kiswahili na yake ya hisabati. Kunyimwa chai na mtu ambaye viwiko vyenu vinagusana si adhabu ndogo, hasa Julai, ukungu wa Meru unapoteremka mpaka madirishani na kila mtu amevaa sweta juu ya sweta.

Jina lake silitaji. Yu hai, masikio yake yanafika mbali, na akipata kuyasoma haya atatafuta kosa kabla ya kutafuta salamu. Wanafunzi walimwita Madam. Sisi wengine tulimwita Mwalimu wa Hisabati, kwa kirefu chake, kama cheo. Yeye aliniita Bwana Misemo, kwa kuwa somo langu, kwa maoni yake, halikuwa na jibu. "Wewe mtoto akikosa unampa nusu," aliniambia zaidi ya mara moja. "Kwangu nusu ni hesabu nyingine."

Suala la michezo darasani lilikuwa limeigawa ofisi yetu kabla sijafika. Mwalimu wa sayansi wa madarasa ya juu aliamini kwamba mtoto akicheza hujifunza bila kujijua, na alikuwa na sumaku mbili na kamba ya kuthibitisha hilo. Mwalimu wa darasa la saba alisema mtihani wenyewe hauchezi, sasa wewe unayecheza unajiandaa na nini? Mwalimu Mkuu aliipenda michezo sana, mradi mtu mwingine ainunue na wageni waione. Mimi nilikaa katikati, kwa sababu vitendawili nimevifundisha maisha yangu yote na hakuna aliyeniita mbele kueleza kama ni somo au ni mchezo.

Mwalimu wa Hisabati alikuwa na msimamo ambao haukufanana na wa yeyote. Hakuwa adui wa mchezo. Alikuwa adui wa mwalimu anayeushika.

"Mchezo wa mtoto ni wa mtoto," alisema siku moja, akichovya andazi. "Umewaona wale mabinti wanaocheza mdako nyuma ya darasa la pili? Wanarusha kijiwe juu, wanakwapua vingine shimoni, wanarudisha na kubakiza viwili viwili, halafu vitatu vitatu. Kule ni kugawanya, na hakuna aliyewaambia. Sasa niende mimi na chaki yangu niwaambie, watoto wazuri, mnajua hapa mnagawanya? Kesho hukuti mdako. Utawakuta wanaruka kamba."

Maneno mazuri, nikayameza. Kesho yake wakati wa mapumziko nikamwona kwa macho yangu akipita karibu na lile shimo la mdako, akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Alipoinuka kijiwe kimoja kilikuwa kimeongezeka shimoni. Mabinti walipofika kwenye vitatu vitatu kikabaki kimoja kisichokuwa na mwenzake, ukazuka ugomvi uliodumu mpaka kengele, kila mmoja akieleza kwa nini hakiwezi kubaki. Yeye aliingia ofisini na uso wa mtu anayetoka ibadani. Alikuwa Mlutheri mwaminifu, mwimbaji wa sauti ya pili, na sijapata kuona mtu anayeweza kujifanya hamnazo kama yeye.

Jumamosi ndiyo alikuwa mtu mwingine. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la madaftari na kalamu karibu na soko, duka alilorithi kwa baba yake, na nyuma ya kaunta aliweka ubao wa keram, ule mchezo wa kusukuma kete kwa kidole mpaka ziingie mashimo ya pembeni. Mwalimu wa Hisabati alikwenda kununua chaki akatoka saa ya chakula cha mchana. Alicheza vizuri na aliiba vizuri zaidi. Nilimfuata huko siku moja nikamsikia mzee akisema, bila hasira yoyote, "Mwalimu, hiyo kete nimeiona ikitembea."

"Ubao wako umelala upande," akajibu.

"Umelala upande wako tu?"

"Mwenye duka ni wewe, Mzee. Uunyanyue."

Huyo ndiye mtu ambaye Jumatatu asubuhi angekukatalia neno mchezo lisitajwe mlangoni kwake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Darasa lake la nne lilipakana na langu, ukuta ukiwa mwembamba, na kwa muda mrefu nilimhurumia. Nilimsikia akikosea. Si mara moja kwa muhula, kila siku. Anaandika ubaoni, anasoma kwa sauti, themanini na nne kugawanya kwa sita ni kumi na tatu, halafu kiti kinakwaruza sakafu na mtoto anasimama.

Hapo pana adabu inayotakiwa ieleweke. Mtoto wa huku, awe Mmeru, Mwarusha au Mchaga, hafundishwi kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Akimwambia, kofi litamfikia nyumbani kabla hajamaliza sentensi. Kwa hiyo Mwalimu wa Hisabati aliwapa neno la kupitia. Mtoto husimama, huweka mikono nyuma, husema, "Samahani, Madam, naomba kukumbushwa." Na Madam hujibu, "Nikukumbushe nini, mwanangu?" Basi mtoto ndiye anayeeleza alichosahau, na katika kueleza Madam anagundua, eti, kwamba aliyesahau ni yeye. Nyuma ya ukuta nilisikia darasa zima likivuta pumzi, na wale watundu wa dawati la nyuma wakinong'ona, "Madam kachemsha tena."

Siku moja nikajitia ujasiri nikamwuliza kama macho yanamsumbua. Nilisema pale hospitalini kuna daktari mzuri.

Akavua miwani. "Bwana Misemo, unadhani mtu anaweza kukosea vizuri namna ile kila siku bila kujiandaa?"

Akanisogelea, akaniambia alivyokuwa akifanya: jioni, baada ya kusahihisha madaftari, alikaa na kuchagua kosa la kesho. Kosa la kijinga halifai, watoto watalicheka na kulisahau. Linatakiwa liwe kosa ambalo wao wenyewe wangelifanya, limevaa nguo safi, linapita mbele yao kama jibu. Na lisijulikane. "Mtoto akijua kosa limewekwa, atalisubiri kama anavyosubiri kengele. Asipojua, hawezi kusinzia. Anajua Madam ni mzee, anaweza kuwapoteza wote."

Nikamrushia methali, kazi yangu ni hiyo. "Lakini wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa."

"Ndiyo maana sirudii," akasema. "Kila siku jipya."

Kisha nikaharibu. Nikamwambia, basi Mwalimu, huo si ndio mchezo wenyewe? Chai ikasimama tena, safari hii mpaka Pasaka.

Kijana aliyetuletea masanduku ya michezo alikuja kutoka Dar es Salaam, ajira mpya, mwalimu wa pili wa sayansi, mchangamfu, anayesalimia hata paka. Alikuwa amehudhuria semina ya mradi fulani wa michezo darasani, akarudi na kadi za rangi, gurudumu la kadibodi lenye mshale, na imani. Nilimpenda. Mwalimu wa Hisabati naye nadhani alimpenda, ila mapenzi yake yalikuwa na njia ndefu.

Mchezo wa kwanza wa yule kijana ulikuwa wa ng'ombe. Kila mtoto ni mfugaji, maharage ndiyo ng'ombe, unazungusha mshale, ng'ombe wanazaa au wanauzwa, unajumlisha na kutoa. Ili watoto wauone kuwa wa kwao, akaanza kwa kuwauliza mmoja mmoja, baba yako ana ng'ombe wangapi? Wengi wa watoto wale baba zao na babu zao walikuwa na mifugo huko Kisongo na kandokando ya mlima. Wa kwanza akasema, "Wapo." Wa pili akasema, "Wa kutosha." Wa tatu akafikiri sana akasema, "Mungu anajua." Ulipofika wakati wa kuhesabu maharage, wakayafunika kwa viganja.

Alirudi ofisini amelowa jasho. "Aisee, hawa machalii hawajui kuhesabu kabisa. Darasa la nne."

Mwalimu wa Hisabati, ambaye ni Mwarusha wa kuzaliwa na alikuwa ameyaona yote dirishani, hakuinua kichwa. "Wanajua. Wamekuzidi adabu tu. Ng'ombe wa mtu huwa hawahesabiwi kwa sauti, mwanangu. Unawaitia balaa."

Baadaye nilimwuliza kwa nini hakumwonya mapema. Akasema ameshaonywa na watoto, na onyo lao linakaa. Lakini asubuhi iliyofuata nilimkuta ameegemea meza ya yule kijana, anamwambia kwa sauti ndogo, "Wafanye kuku. Kuku hesabu utakavyo." Mchezo wa kuku ukapendwa mno. Yeye alipoulizwa aliuonaje, alisema hakuuona, alikuwa anagawanya.

Taabu ilianza Mwalimu Mkuu alipotangaza kwamba wageni wa ule mradi wanakuja kuangalia hisabati, na kwamba wataangalia darasa la nne. Shule ikiwapendeza itaingizwa kwenye mpango wao. Mwalimu wa darasa hilo aonyeshe mchezo; asipoonyesha, mwakani darasa linakwenda kwa kijana.

Wote tulijua Mwalimu wa Hisabati alivyolipenda lile darasa. Alipewa nafasi ya kufundisha madarasa ya juu akakataa. Alisema wa darasa la tatu bado wanakuogopa, wa darasa la tano wameshaanza kujiona, ila wa la nne ndio wanaoamini macho yao wenyewe. Alitaka astaafu akitokea chumba kile, na alikuwa amebakiza miaka michache tu. Wiki hiyo hakuiba kete hata moja. Mzee wa keram alinisimamisha sokoni akaniuliza kama Mwalimu anaumwa.

Mwalimu Mkuu, kwa haki yake, alimbembeleza. "Mama, sikuombi ubadilike. Fanya unavyofanya siku zote. Wakikuuliza, wewe sema tu ni mchezo. Neno moja."

"Nimesikia, Mkuu," akasema.

Wageni walikuwa wawili, mama mmoja mwenye kilemba na bwana mmoja mwenye kompyuta mpakato. Mimi nilipeleka viti, nikabaki nimesimama mlangoni. Mwalimu wa Hisabati aliandika ubaoni mia sita kumi na mbili kugawanya kwa sita. Akafanya kwa hatua, akisema kwa sauti, sita kwa sita moja, kumi na mbili kwa sita mbili. Jibu: kumi na mbili. Akapiga mstari chini yake kwa rula.

Nikaona wageni wanatazamana.

Binti mmoja mwembamba wa dawati la tatu akasimama, mikono nyuma. "Samahani, Madam, naomba kukumbushwa. Sifuri imekwenda wapi?"

"Sifuri ipi, mwanangu?"

"Ya katikati. Moja kwa sita haiendi, Madam. Tulitakiwa tuweke sifuri."

"Sifuri si kitu," akadakia mtoto wa nyuma. "Ya nini kuandika kitu ambacho si kitu?"

Darasa likawaka. Wengine wakasema sifuri inashika nafasi, wengine wakasema haishiki. Mmoja akakimbilia ubaoni bila ruhusa akazidisha kumi na mbili mara sita, akapata sabini na mbili, akageuka akauliza mia tano na zaidi zimeliwa na nani. Binti mwembamba alikuwa bado amesimama, hakai. Mwisho Mwalimu wa Hisabati alifuta, akaandika mia moja na mbili, akasema, "Ahsante. Nilikuwa nimepotea." Wakampigia makofi yule binti, si mwalimu.

Nilikuwa sijaona kipindi kama kile, na wageni nao walikuwa wanatabasamu. Yule mama akainama mbele. "Mwalimu, hongera. Lile kosa lilikuwa sehemu ya mchezo, sivyo?"

Ilikuwa kama amefunguliwa mlango na kutandikiwa zulia. Aseme ndiyo, basi darasa ni lake. Watoto wote waligeuka kumtazama. Binti mwembamba alimtazama kuliko wote, mdomo wazi kidogo, na mimi nilielewa anachosubiri kusikia.

"Hapana," akasema Mwalimu wa Hisabati. "Nimekosea."

Bwana wa kompyuta akaacha kutabasamu akaandika. Jioni ile Mwalimu Mkuu alitembea ofisini kutoka ukuta hadi ukuta akisema shule yake ina mwalimu wa hisabati asiyeweza kugawanya mia sita kwa sita. Nilisimama. Nilikuwa nimechoka kuwa msiri, nilitaka nimwage yote. Mwalimu wa Hisabati akanishika mkono wa sweta akanivuta mpaka nje.

"Ukifungua mdomo, kesho Mkuu atasema, keshokutwa watoto watajua," alisema. "Yule binti atajua nilimpa ile sifuri. Hakupewa. Aliichukua mwenyewe mikononi mwangu. Unataka nimnyang'anye?"

Macho yake yalikuwa na machozi na alikuwa na hasira nayo. Nilinyamaza, na niliumia kunyamaza, na hata leo nikikumbuka naumia.

Darasa likaenda kwa kijana. Na kwa kuwa Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya na alitaka kumpa kazi nyepesi, akamteua kuwa Mwalimu wa Michezo: mipira, kamba, filimbi na ufunguo wa stoo. Nadhani katika ofisi nzima ni mimi na yeye tu tulioona kichekesho. Alipokea filimbi kwa mikono miwili akasema, "Ahsante, Mkuu. Mwishowe nimekuwa mchezaji." Akaenda nayo, na wasichana wa mdako wakapata mlinzi mwenye cheo.

Yule kijana hakuwa mjinga. Baada ya miezi kadhaa alimfuata stoo akamwuliza alikuwa akifanyaje, mbona watoto wanaulizia makosa yake. Akamwambia, "Kosea." Kijana akajaribu. Watoto wakagundua siku ya kwanza. Alirudi kulalamika, akaambiwa, "Uso wako unacheka kabla mkono haujakosea. Kajifunze kuhuzunika." Nasikia siku hizi anakosea vizuri sana.

Mwalimu wa Hisabati alistaafu kimya kimya, akahamia kwao upande wa Kisongo, tukapoteana kama watu wanavyopoteana mjini humu. Nilimwona mwaka huu. Nilikwenda Kisongo siku ya mnada, nikaingia duka la dawa za mifugo kutafuta dawa ya kuku wangu, na mbele yangu kwenye foleni alisimama mama mrefu mwenye shuka begani, akimweleza muuzaji kwamba beberu wake ana minyoo.

Muuzaji alikuwa mwanamke kijana mwenye koti jeupe. Akapiga goti kidogo nyuma ya kaunta. "Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu."

Muuzaji nilimtambua kwa wembamba: ni yule binti wa sifuri. Alinigeukia na mimi akanisalimia kwa heshima zote, kisha akawaambia wateja waliokuwa nyuma yetu, kwa sauti ya mtu anayetambulisha mzazi, "Huyu alinifundisha hisabati darasa la nne. Jamani, alikuwa anakosea mpaka unamhurumia. Mimi nilikuwa sipepesi macho. Nilijua nikisinzia tu, darasa zima linapotea naye. Nikasema hisabati nitaijua mimi, maana Madam peke yake hawezi."

Watu wakacheka, kwa upole. Damu ilinipanda. Nikafungua mdomo, na papo hapo kisigino kikatua kwenye kidole changu gumba cha mguu na kikakaa hapo.

"Beberu ana kilo ngapi, Madam?" akauliza binti.

"Thelathini na tano. Tulimpima."

"Mililita moja kwa kila kilo kumi. Kwa hiyo utampa ngapi?"

Mwalimu wa Hisabati akatazama dari, akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Nne."

"Tatu na nusu, Madam. Ngoja nikuandikie kwenye chupa. Usimpe mpaka usome."

"Ahsante, mwanangu. Ningemwua."

"Ndiyo maana niko hapa," binti akasema, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya mtu anayehitajika.

Tulitoka nje pamoja. Nilikuwa nachechemea. Nikamwuliza, sasa tumebaki wawili na wote tumezeeka, aniambie ukweli: ile nne ilikuwa ya kupanga, au umri umeanza kumla?

Alifunga shuka vizuri begani, akampungia mkono dereva wa bodaboda.

"Nikikuambia, Bwana Misemo, utaacha kuniangalia."

Akapanda nyuma ya pikipiki. Kabla haijaondoka nilimwomba ile chupa, nikavaa miwani, nikasoma maelezo yote mwenyewe toka mwanzo.